Mafuta ya Alizeti kwenye Msumeno wa Nakshi

Wiki iliyopita, katika kundi letu la simu la watu tunaokata nakshi za mbao kwa kujifurahisha, mwanachama mpya wa Makambako aliuliza swali. Kundi lenyewe si kubwa. Kuna muuguzi, kuna mwalimu wa hesabu, kuna mzee mmoja mstaafu wa posta, na wengine kama mimi ambao mchana tunakaa ofisini na jioni tunakaa kwenye vumbi. Aliandika: "Jamani naomba msaada. Msumeno wangu wa nakshi ulikuwa unapiga kelele, nikautia mafuta ya kula. Sasa umekuwa mzito, karibu unagoma. Nimekosea wapi?"

Zikafuata sura za kucheka, mstari baada ya mstari. Mmoja akamuuliza kama alitia na kitunguu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa jikoni, simu mkononi, na ghafla nikaisikia ile harufu: mafuta ya alizeti yaliyolala siku nyingi ndani ya vumbi la paini, harufu ya karanga zilizovunda. Nilimjibu kwa kifupi. Fungua kila kiungo, osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha tia mafuta ya cherehani, matone mawili tu. Yalimtosha hayo. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa ajili yenu wa rika langu mliokua enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na aina moja tu ya mafuta.

Baba yangu mzazi aliondoka nikiwa darasa la kwanza. Aliaga kwamba anakwenda Mbeya kutafuta kazi, akabeba na redio. Hakurudi. Watu wazima walitaja sababu nyingi, lakini mimi niliokota sheria moja tu: mwanaume akiacha vitu vyake nyumbani, atarudi, akibeba kile anachokipenda, ndiyo basi. Sikumwambia mtu. Ilikuwa hesabu yangu na nilikuwa na uhakika nayo.

Obadia alikuja miaka mitatu baadaye. Alikuwa Mkinga, dereva wa lori la mbao, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ulilazimika kusogea ili uisikie. Alifunga ndoa na Mama kwenye kanisa la mtaa wetu, Jumamosi moja ya ukungu, na kesho yake lori likasimama mbele ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Njombe. Nyuma, katikati ya mabanzi, kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi. Niliona sehemu ya chini tu: miguu ya chuma yenye maua, pedali pana, gurudumu. Mama alikuwa akitamani cherehani kwa miaka. Nikakimbia ndani nikipiga kelele, "Mama, umeletewa cherehani!"

Blanketi lilipovuliwa, cherehani haikuwapo. Juu ya ile miguu kulikuwa na meza ndogo ya mbao iliyong'aa, na mikono miwili mirefu ya mti mgumu, mmoja juu ya meza na mwingine chini yake. Kati ya ncha za mikono hiyo kulikuwa na bledi nyembamba, nyembamba kiasi kwamba ilibidi nijongee ili niione.

"Uzi unapita wapi?" nikauliza.

Obadia hakunicheka. Aligusa ile bledi kwa kidole. "Uzi ndiyo huu. Ila huu haushoni, unakata."

Nilielewa nusu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mbao zilizokatwa pale zingekuja kushonwa na mashine nyingine, ambayo bado ilikuwa njiani.

Mama aliniambia nimwite Baba. Sikukataa kwa mdomo. Nilitafuta tu njia ya kutomwita kabisa. Asubuhi nilisema "Shikamoo" nikitazama mlango. Nikitumwa kumwita chakula, nilikwenda nikasimama karibu naye mpaka anione. Ilikuwa kazi ngumu kuishi na mtu bila jina, lakini niliifanya kwa bidii, kama mtu anayefunga na kuomba.

Mashine ndiyo iliyonishinda. Jumamosi mchana, akiwa hana safari, Obadia aliiketia barazani, akakanyaga pedali, na bledi ikaanza kupanda na kushuka na mlio laini kama wa paka anayekoroma. Kutoka kwenye vipande vya paini alivyookota kwenye yadi ya mbao alitoa majani ya mgomba, ndege, herufi. Hakuuza kitu. Aliwapa watu, au aliviweka dirishani. Siku moja alinikuta nimekaa karibu kupita kiasi, akanyanyuka kwenye kigoda.

"Haya, kaa wewe. Ifunge bledi."

Niliifunga. Nilipokanyaga, kipande cha mbao kikaanza kurukaruka mezani kama bisi kwenye sufuria.

"Angalia meno," akasema. "Yanatazama wapi?"

"Juu."

"Kwa nini juu?"

"Si ndivyo yanavyoota," nikasema, nikimwonyesha yangu ya chini.

Safari hii alicheka, lakini alijificha nyuma ya kiganja. "Ya msumeno huu yanatazama chini, ili yaikandamize mbao mezani. Ukiyageuza yanaiinua." Akaigeuza bledi, akakaza skrubu ya nyuma, akaichapa kwa ukucha. Ikatoa mlio wa chini, mzito. "Imelegea hii. Kaza kidogo. Sikiliza tena." Nikakaza. Ikalia kwa sauti ya juu, kama waya wa zeze. "Hapo. Na ukimaliza kazi, ilegeze. Ikikaa imekazwa wiki nzima inachoka, na mikono nayo inapinda."

Alinifundisha kusugua meza kwa kipande cha mshumaa ili mbao iteleze. Alinifundisha kufagia vumbi la chini kwa unyoya wa kuku. Alinifundisha kutoisukuma mbao: "Iache ijilishe. Ukiona unasukuma, ujue bledi imekuwa butu, au wewe una haraka." Nilijifunza yote hayo bila kumwita jina.

Mjomba, kaka yake Mama, hakumpenda. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa viazi, mtu wa kusema hadharani. Kwake, dereva wa lori ni mtu wa leo hapa, kesho kule. Kwa hiyo Jumapili moja wazee walipozungumzia ubao wa namba za nyimbo, ule wa zamani uliokuwa ukiandikwa kwa chaki mpaka namba zikafifia, Obadia alinyanyua mkono na kusema ataukata mpya, wa mbao, wenye namba za kutundika, bure, kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Mjomba akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Tutaona kama mavuno yatamkuta."

Siku chache baadaye Obadia alipata safari ndefu ya Dodoma. Ilikuwa mwezi wa baridi kali, ule ambao maji ya kunawa yanakuuma vidole. Mashine ilikuwa imeanza kulia kwenye viungo, kilio chembamba kila mkono ulipopanda. Aliniambia akipanda lori, "Ikilia, itie mafuta."

Hakusema mafuta gani. Kwake hilo halikuwa swali. Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani ilikaa kwenye boksi lake la vifaa, na boksi liliondoka naye.

Mimi nilijua mafuta ya aina moja. Nilichukua kijiko, nikachota alizeti ya Mama, nikamwaga kwenye pini za chuma ambazo mikono ilizungukia, na kwenye bushi za shaba zilizozishika. Mashine ikanyamaza papo hapo. Sijui kama nimewahi kujivunia jambo kama nilivyojivunia ukimya ule. Kesho yake nikatia tena. Nikatia na kesho kutwa. Kila siku baada ya shule nilikata vipande vya mabaki, na vumbi laini lilijikusanya palepale kwenye mafuta, lakini nilifikiri hiyo ni dalili ya kazi. Siku ya tano pedali ilikuwa nzito. Siku ya saba nilikanyaga kwa miguu miwili, mikono ikainuka polepole na kubaki juu.

Obadia alirudi zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Alikanyaga mara moja, akaacha. Akainama, akazungusha gurudumu kwa mkono. "Bushi zitakuwa zimekwisha," alimwambia Mama. "Namba hata moja sijakata." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikarudi nyuma ya mlango. Mama alimjibu kwa Kibena, kama alivyofanya alipokuwa na wasiwasi, akamtajia Mjomba.

Asubuhi nilikwenda kuchota maji. Niliporudi, baraza lilikuwa tupu. Zilibaki alama nne za miguu ya chuma kwenye vumbi.

Ameibeba, nilijiambia. Amebeba kitu anachokipenda.

Sikuingia ndani kumuuliza Mama. Niliweka ndoo chini nikakimbia kuelekea yadi ya mbao, viatu vya plastiki vikinitoka, ukungu ukiwa mzito hata sikuiona barabara mbele yangu. Nilifika getini na kulikuta lori linanguruma, limepakiwa, na juu ya mbao nikaiona miguu yenye maua, imefungwa kamba. Obadia alikuwa ndani, akitazama kioo cha upande wa pili. Gari likaanza kusogea. Nikafungua mdomo nimwite, na hapo ndipo nilipogundua nilichokuwa nimejifanyia: sikuwa na jina la kumwitia. Baba lilikataa kutoka. Obadia halikuwa la mtoto kutamka.

"Dereva!" nikapiga kelele. "Dereva! Simama!"

Lori likasimama kwa mshtuko. Akateremsha kioo, akanitazama kutoka juu.

"Abiria, unakwenda wapi?"

"Usiende," nikasema. "Usiende nayo."

Ilimchukua muda kuelewa. Alizima injini kabisa, akashuka, akachuchumaa kwenye tope. "Sikiliza, Twilumba, nakwenda Makambako. Kwa Mzee Mgaya, yule mwinjilisti mstaafu. Naye anayo mashine kama hii, atanisaidia kuifungua. Jioni narudi."

"Na mashine?"

"Na mashine."

"Basi na mimi nakuja."

Aliitazama miguu yangu yenye matope, akamtuma kijana wa yadi akamwambie Mama, akanipandisha.

Nilikusudia kumwambia njiani. Nilikusudia tulipopita mashamba ya chai, nikakusudia tena kwenye mteremko wa kwanza, na kila mara nilisubiri kona inayofuata. Tukafika Makambako kwenye upepo wake ule unaokupiga kofi ukishuka tu kwenye gari, na nilikuwa sijasema neno.

Mzee Mgaya alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa na maneno mengi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, na wakati huo walikuwamo wapenda nakshi wenzake wawili, kila mmoja na kipande chake. "Kamwene, Dereva! Umetuletea mgonjwa?" akatusalimu. Walifungua skrubu, wakagonga pini ya kwanza. Haikutoka. Wakagonga tena. Ilipochomoka ilikuja na ute wa rangi ya asali iliyoungua, unaonata, umejaa vumbi, na ile harufu ikajaa kibandani.

Mzee Mgaya alinusa kidole chake. "Hii ni alizeti," akasema. "Nani huyu aliyekaanga mashine?"

Wote wakageuka. Obadia alinitupia jicho mara moja, kwa haraka sana. Nafikiri aliona kila kitu usoni kwangu.

"Mimi," akasema.

Wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. "Dereva wa lori! Na gari nalo unalitia alizeti?" Palepale wakampa jina: Obadia Alizeti. Alitabasamu, akakuna shingo.

Nilichukua kitambaa mezani. "Mafuta ya taa yako wapi?" nikauliza.

"Acha, mtoto, utaunguza mikono," Mzee Mgaya akasema. "Yanachoma kwenye baridi hii."

"Nitaosha mimi."

Niliosha. Pini nne, bushi nne, skrubu zote, vibanio vya bledi, kila kimoja kwenye kopo la mafuta ya taa. Ule ute ulikuwa umekauka kama rangi ya mlango, ilibidi niukwangue kwa njiti ya kiberiti, kisha kwa ukucha, kisha tena kwa njiti. Vidole vilikufa ganzi, nyufa za baridi zikaanza kuwaka moto. Mara mbili Obadia alinyoosha mkono anipokee, na mara mbili niligeuza bega. Nilizipanga pini kwenye gazeti kwa mpangilio zilivyotoka, nikazihesabu. Mzee Mgaya aliacha kuzungumza. Alikuja akachukua bushi moja, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. "Safi," akasema. Nikaiosha tena.

Jioni tulizirudisha. Obadia alidondosha mafuta ya cherehani, matone mawili kila kiungo, akazungusha gurudumu. Mikono ikapanda na kushuka bila sauti.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza, "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mashine ni yangu. Mwenye mashine ndiye anayeulizwa."

"Lakini si kweli."

Alibadilisha gia. "Siku ukitaka kuisema kweli, utaisema. Si lazima iwe leo."

Kwa siku zilizobaki tulikata kila tulipopata mwanga. Yeye alikata ubao na nguzo zake, na zile namba tukagawana. Moja na saba ni rahisi. Sifuri, sita, nane na tisa zina matundu ndani: unatoboa kwa keekee, unafungua bledi upande wa juu, unaipitisha kwenye tundu, unaifunga tena, unaikaza mpaka ilie, ndipo unakata. Nane ina matundu mawili. Nilivunja bledi tatu kwenye nane ya kwanza. Ya pili ilitoka imepinda kiuno. Nikaanza ya tatu.

"Hiyo inafaa," Obadia akasema juu ya ile iliyopinda.

"Haifai, Dereva."

Akasogea pembeni akaniachia kigoda.

Sikukuu ya Mavuno watu walileta mahindi, viazi, njegere, kuku waliofungwa miguu. Ubao mpya ulikuwa ukutani, na mchungaji alipotangaza wimbo wa kwanza, kanisa zima liligeuza shingo kuutazama. Namba zilionekana mpaka benchi la mwisho. Niliamini yamekwisha.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa mazao. Mjomba ndiye aliyekuwa akiongoza, amesimama kwenye kiti, na watu wamemzunguka. Alinyanyua chupa ya mafuta ya alizeti, akazungusha macho mpaka akampata Obadia. Kumbe alikuwa amepeleka viazi Makambako wiki ile, na Mzee Mgaya hakuwa mtu wa kutunza siri.

"Haya, mafuta safi ya alizeti!" akatangaza. "Nani ananunua? Au tumwachie shemeji yangu, Obadia Alizeti, ana mashine ya kukaanga?"

Uwanja mzima ukacheka. Mama alitazama chini. Obadia alitabasamu vilevile kama kule kibandani, akakuna shingo vilevile, na nikaelewa kwamba ataendelea kutabasamu hivyo hivyo miaka na miaka, na kwamba kicheko kile kilikuwa changu. Nilipita katikati ya watu wazima mpaka kwenye kile kiti.

"Shikamoo Mjomba," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyetia alizeti. Dereva alikuwa Dodoma. Mashine ilikuwa inalia, nikataka inyamaze. Akasema ni yeye ili nisichekwe. Nimeiosha mwenyewe, na zile nane za ubaoni nimezikata mimi."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Kuku mmoja alipiga kelele, hakuna aliyecheka. Nilisubiri kofi, kwa kuwa mtoto hakuwa na ruhusa ya kumjibu mzee wa kanisa mbele ya watu. Mjomba alibaki ameishika ile chupa hewani. Kisha akasafisha koo, akaitangaza upya, kama chupa ya kawaida. Obadia alikuja akasimama nyuma yangu. Aliweka mkono wake kichwani pangu, mzito, unaonuka paini, na akauacha hapo mpaka mnada ulipokwisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa barazani nikisugua meza kwa mshumaa. Mjomba akatokea barabarani akiwa amebeba mzigo begani, umefungwa kanga, na jasho linamtoka pamoja na baridi ile. Obadia alinyanyuka kumpokea. Mjomba akampita.

Alitua mzigo mbele yangu, akafungua kanga. Ilikuwa cherehani ya mkewe, ya mkono, nyeusi, yenye mistari ya dhahabu. Nilijaribu kuzungusha gurudumu lake. Halikusogea hata kidogo. Nikainama, nikanusa.

Mjomba alitazama nyuma kuhakikisha Mama yuko jikoni.

"Tulitia ya kupikia," akasema polepole. "Miaka miwili sasa. Shangazi yako hajui ni mimi."

"Itachukua siku nzima, Mjomba."

"Nitakaa."

Nikatandaza gazeti, nikachukua bisibisi, nikamwambia asogee kidogo asinizibie mwanga.